Vitalu Vilivyolala

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Mjomba Ukasha alikuwa anakwenda kwenye kitalu, anavua kandambili zake na kusimama majanini pekupeku. Hapimi kwa kijiti wala kwa kamba. Majani yakimfika kwenye kifundo cha mguu, anatikisa kichwa. Yakimfika katikati ya muundi, anasema, "Haya," anavaa kandambili na kurudi nyumbani kunywa chai. Ile "haya" maana yake ni kwamba ng'ombe wanaweza kuingia.

Mama yangu, Somoe, ambaye ni dadake, alikuwa akimwona anarudi na miguu imelowa umande na nyayo zimepasuka, anamwambia, "Kaka, utapata maradhi ya miguu."

"Nimeshayapata," anajibu Mjomba. "Nipe chai."

Alifanya hivyo miaka thelathini na minne, kwenye shamba la minazi la kina Shabbir, nje kidogo ya Kilindoni. Watu walimwita msimamizi wa malisho. Cheo hicho alipewa kwa mdomo tu, hakuna karatasi.

Mtu wa bara akisikia malisho anafikiria nyika. Huku kwetu Mafia ng'ombe wanalishwa chini ya minazi. Nimemsikia Mjomba akieleza habari hii mara nyingi, kila anapokuja mgeni, mpaka naijua kama alivyokuwa anaisema. Zamani shamba lilikuwa la Abdulrasul, baba yake Shabbir. Minazi ilikuwa mingi na vichaka vilikuwa vingi zaidi. Nazi ikianguka inapotea majanini, haionekani mpaka inachipua. Watu walifyeka mwaka mzima, wakifika mwisho wa shamba kule walikoanzia kumeshaota tena. Abdulrasul akasema, tulete wafyekaji wasiochoka. Akaleta ng'ombe.

Ng'ombe wakafyeka kweli. Walikula shamba lote kwa pamoja, huku na huku, na kiangazi kilipoingia halikubaki jani. Mwaka ule walikufa mpaka watu wakachoka kuchimba mashimo. Ndipo akaja bwana mifugo mmoja, akalizunguka shamba siku tatu kwa miguu, akaligawa vitalu kumi na viwili. Babu yangu Haruni, baba yao Mjomba na mama, ndiye aliyepanda ua wa minyaa kuvitenga. Utomvu wa mnyaa ulimrukia jicho la kulia, na jicho lile lilikuwa na ukungu mpaka alipofariki.

Ng'ombe hukaa kitalu kimoja siku nne au tano, wanahamishwa. Jioni kila mmoja anafungwa kwenye mnazi wake, na kesho yake mnazi wa jirani, ili mbolea ienee. Halafu masika yakimalizika, vitalu vitano vinalazwa. Kulaza ni kufunga kitalu, asiingie hata mbuzi, majani yakue mpaka yakufike kiunoni. Upepo wa kusi ukishakausha kote, ndiyo vinafunguliwa kimoja baada ya kingine, na ng'ombe wanavuka navyo mpaka mvua za vuli. Hiyo ndiyo akiba yao. Kwa macho kitalu kilicholala ni kibaya. Majani marefu yamelaliana, yamepiga manjano, nazi zinapotelea humo, nyingine zimechipua. Ukipita hujui kitu unasema, jamani, wenyewe wamekufa hawa.

Sasa mzee Shabbir miguu ilianza kumvimba. Shamba akamwachia mwanawe, Sohail, aliyekuwa Dar es Salaam miaka kumi na kitu. Sohail si mtu mbaya. Alipokuwa mdogo Mjomba alimpandisha juu ya ng'ombe, akaanguka, wakaficha wasiambiwe wazazi. Alikuja na pikipiki na tableti, na siku ya tatu tu akaja kwenye josho, lile birika refu la sementi tunakoogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mimi nilikuwa pembeni naosha ndoo za maziwa.

"Shikamoo, Mzee Ukasha."

"Marahaba, baba. Miguu ya mzee vipi?"

"Ndiyo ile ile. Mzee, nataka unipe hali ya kila kitalu niiandike humu. Namba moja?"

"Kinaliwa."

"Namba mbili?"

"Kimelala."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ziishe."

"Namba tatu?"

Wakaenda hivyo mpaka kumi na mbili. Cha pili, cha tano, cha sita, cha tisa na cha kumi na moja vimelala. Sohail akashika kichwa.

"Vitano vizima vimelala?"

"Vitano. Kila mwaka ni vitano."

"Kila mwaka! Na mzee anajua?"

"Atakosaje kujua? Tangu kwa babu yako ndiyo hivyo hivyo."

Sohail akacheka kidogo, kama mtu anayewasikitikia wazee wake. Akaandika. Mjomba naye akainuka, karidhika kwamba kijana anajali, anauliza. Mimi niliwatazama wote wawili, nikaona kila mmoja kasikia neno alilozoea. Kwa Mjomba kitalu kilicholala ni akiba. Kwa Sohail, na kwa watu wa maofisi wote, shamba lililolala ni shamba lililotupwa. Hilo nililijua baadaye. Siku ile niliona tu kwamba kuna kitu hakikukaa sawa, lakini sikukijua, na ningekijua nisingesema. Mimi si msemaji.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja Shaabani, mchungaji mwenzake Mjomba, akaja mbio nyumbani, kikoi kakishika mkononi.

"Kaka Ukasha! Kuna trekta linalima kitalu cha pili!"

Mjomba hakukimbia. Nilimfuata nyuma na chai yake ambayo hakuinywa. Tulipofika, cha pili kilikuwa kimeshageuzwa chote, udongo mwekundu juu, majani chini. Trekta lilikuwa linaingia cha tano. Mjomba akasimama mbele yake akapunga mkono. Dereva, kijana mpole tu, akazima mashine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unalima nini hapa?"

"Tunatengeneza kwa ajili ya mananasi. Tajiri wangu amekodi hivi vitalu vitano miaka mitatu. Kwani vipi, mzee? Tumeambiwa shamba limelala."

Mjomba akakaa chini, pale pale kwenye tuta la udongo. Sohail akafika na pikipiki, anatabasamu, alidhani tumekuja kutazama kazi.

"Mzee Ukasha, umeionaje?"

"Baba," Mjomba akasema, "haya ndiyo majani ya kiangazi."

"Majani gani?"

"Uliyoyalima. Ndiyo ng'ombe wangekula mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi."

Sohail akamtazama dereva, akamtazama Mjomba. "Lakini uliniambia mwenyewe vimelala. Nimeandika hapa. Kimelala, kimelala, kimelala."

Shaabani hajui kunyamaza. "Sasa, bosi, mwanao akilala utamzika?"

"Shaabani, hebu," Mjomba akasema.

"Si nauliza tu!"

Sohail uso ulimbadilika. Akauliza polepole, "Kwa nini hukunieleza, mzee?"

"Nilikueleza. Ulikuwa unaandika."

Hapo Sohail alielewa, na nadhani aliona haya. Lakini mkataba alishatia saini, na mtu wa mananasi alishaleta miche yake kwa boti. Alipiga simu, akazunguka na simu sikioni nusu saa nzima chini ya minazi. Alichoweza kukiokoa ni kitalu cha kumi na moja tu, tena kwa sababu kiko karibu na bwawa, chini kuna tope, na viboko hutoka bwawani kuja kula humo. Tajiri wa mananasi alisema kitalu cha viboko hakitaki.

"Basi tuwashukuru viboko," akasema Shaabani.

Kesho yake Mjomba alivaa kanzu akaenda Kilindoni kwa mzee Shabbir. Mama alinipa kikapu cha mayai niwapelekee, nikafuatana naye. Mzee Shabbir alikuwa barazani mwa duka lao la misumari na sementi, miguu kaiweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu na chumvi.

"Karibu, Ukasha. Nimeshasikia."

"Umesikia, sasa?"

"Sasa nini?" Mzee alitikisa maji kwa dole gumba. "Yule mtoto nimempa shamba kwa mkono wangu, mbele ya watu. Leo nimnyang'anye? Kesho atapanda ndege, arudi zake Dar, na mimi ndiyo miguu hii. Nitakwenda kuchunga na wewe?"

"Sikusema umnyang'anye. Nasema ng'ombe ni mia na arobaini, na majani ni ya sabini. Tuuze nusu sasa, wakiwa na nyama. Nusu watafika vuli."

"Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema tusubiri Maulidi, wanunuzi watakuja wengi."

Mzee Shabbir akaangalia barabarani. Gari la sementi likapita, likatutimulia vumbi. Akasema, "Marehemu baba alikuwa anazijua ng'ombe zake kwa majina. Mimi nilizijua kwa idadi. Huyu anazijua kwa picha." Kisha akaita ndani tuletewe soda. Mjomba hakuinywa yake. Alinisogezea mimi.

Mwezi wa saba ulikuja, halafu wa nane, na sina mengi ya kusema juu ya miezi ile maana siku zote zilifanana. Vitalu saba vililiwa bila kupumzika. Siku tano zikawa tatu, tatu zikawa mbili, mwisho tukawa tunawahamisha asubuhi na jioni kutoka kwenye udongo mtupu kwenda kwenye udongo mtupu. Mjomba na Shaabani walikata majani kando ya barabara, wakayafunga matita, wakayapakia kwenye pikipiki ya kuazima. Matita kumi kwa siku. Ng'ombe wanayamaliza kabla pikipiki haijazimwa. Nami nilikata, na mama alikata, mikono ikawa na malengelenge juu ya malengelenge.

Mjomba alianza kulala akiwa amekaa. Ukimpelekea chakula unamkuta kaegemea mnazi, mdomo wazi, mundu mkononi. Ukimwamsha anasema, "Silali." Mama alimwambia, hawa si ng'ombe wako, kaka, utakufa kwa mali ya mtu. Akajibu, "Najua si wangu." Akachukua sahani akala matonge mawili, akaondoka.

Ng'ombe mwenye njaa haheshimu ua. Siku moja wanane walivunja minyaa wakaingia kwenye mihogo ya Bi Aziza, jirani yetu upande wa kusini. Bi Aziza alikuwa kaikata ile miti siku iliyotangulia, majani yake yamelala chini yananyauka, na majani ya muhogo yakinyauka ni sumu kwa ng'ombe. Tulisikia mlio. Shaabani alikimbia na kisu, akidhani atawahi kuchinja hata mmoja. Watatu walishakata roho, povu mdomoni. Kibudu hakiliwi, kwa hiyo ilibidi kuchimba. Udongo ulikuwa mkavu, jembe linadunda. Mmoja wa wale watatu alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa anaitwa Kilemba, kwa doa jeupe kichwani.

Bi Aziza alikuja kusimama ukingoni mwa shimo. "Ukasha, mihogo yangu!"

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini, wee nawe! Si ungewafunga?"

"Nisamehe."

Bi Aziza akamtazama vizuri, akaona alivyokonda. Akasema, "Haya bwana," akaenda kutuletea maji ya kunywa.

Kilichobaki kilikuwa ni kitalu cha kumi na moja. Mjomba alikilinda kile kama mtu anayelinda mtungi wa maji jahazini. Alikata miiba akaziba kila mwanya. Alfajiri aliwafukuza viboko kwa kugonga debe. Alinieleza mpango wake, au labda alikuwa anajieleza mwenyewe na mimi nilikuwa karibu. Ng'ombe majike wenye mimba na wanaonyonyesha ni thelathini na wawili. Kitalu cha kumi na moja, kikiguswa na hao peke yao, kitawafikisha mwezi wa kumi na moja. Wengine wote wakifa, au wakiuzwa mifupa, hao wakibaki, kundi lipo. Baada ya miaka sita litakuwa kundi tena.

"Madume yanapatikana," alisema. "Mama hapatikani."

Hakuwaza kingine. Ukimsalimia asubuhi anakujibu thelathini na wawili.

Maulidi yalipobaki wiki mbili, Sohail akaja. Alikuwa na begi jeusi mgongoni. Alitukuta wote kwenye lango la kitalu cha kumi na moja, Mjomba, Shaabani na mimi, tunaziba mwanya uliovunjwa na kiboko.

"Mzee Ukasha, kesho saa nane wanunuzi wanafika, kutoka bara. Watu wakubwa, watachukua kundi zima. Fungua hiki, ng'ombe wote waingie leo."

"Wote?"

"Wote. Wakija wakaona mifupa hakuna atakayenunua. Washibe leo na kesho, matumbo yaonekane."

"Wakiingia wote, siku nne kimekwisha. Wanunuzi wasipowachukua, hakuna kitakachobaki kwa wale majike."

"Watawachukua."

"Na majike?"

"Nimesema kundi zima, mzee." Sohail aliongea taratibu, hakuwa na hasira. Naye alikuwa kachoka, macho mekundu. "Sikiliza. Kosa nimelifanya mimi, sikatai. Lakini mimi siwezi hii kazi ya ng'ombe, kila siku mmoja amekufa, kila siku nadaiwa mihogo ya watu. Wauzwe, yaishe. Tubaki na minazi na mananasi."

Mjomba alishika nguzo ya lango. "Nazi zitaokotwaje bila ng'ombe?"

"Tutafyeka."

Shaabani akarudi kwenye mwanya, akachomeka mwiba mwingine.

"Na wewe, mzee, kazi hukosi," Sohail akaendelea. "Sikukusahau. Nimekuwekea nafasi nzuri, mlinzi wa mananasi. Huhangaiki na umande, huhangaiki na kupe. Unakaa kibandani." Akafungua begi, akatoa buti nyeusi mpya, bado zina karatasi ndani. "Nimekununulia hizi. Sare itakuja."

"Nilinde nini?"

"Mananasi."

"Yasiguswe na nani?"

Sohail akasita. "Na... ng'ombe za watu. Wasiingie."

Shaabani akacheka kwa nguvu, akidhani ni mzaha. Akatutazama, akaona hakuna anayecheka, akakatisha.

Mjomba akalifungua lango. Sikutegemea. Aliinua miti mitatu ya kuzuia, mmoja mmoja, akaiweka chini kwa mpango kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akapiga mluzi. Ng'ombe waliokuwa wamesimama upande wa pili hawakuamini mwanzoni. Kisha walikuja wote, madume mbele, wakisukumana, pembe zikigongana, ndama mmoja akaangushwa. Majani yaliyokuwa kiunoni yakalala chini ya kwato. Walikula hata bila kutafuna, wanang'oa na mizizi. Majike wenye mimba walifika mwisho na kusimama nyuma ya wenzao.

Sohail alitoa simu akawa anapiga picha za kuwatumia wanunuzi.

Mjomba alisimama akitazama kwa muda. Kisha akasema, "Nakuja."

"Usiende mbali, mzee," Sohail akajibu, jicho kwenye simu. "Nataka ujaribu buti, kama hazikutoshi nikabadilishe."

Nakuja ni neno la kawaida. Mtu akienda msalani anasema nakuja, akienda dukani anasema nakuja. Ndiyo maana hata Shaabani hakugeuka. Mimi niligeuka. Nilimwona Mjomba anapita ubavuni mwa ua, mikono mitupu, hakuchukua mundu wala koti lake lililotundikwa kwenye mnyaa. Akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, akashika njia ya miguu inayokwenda kijiji cha Ndagoni. Hakuwa anakwenda haraka. Kwa mbali alikuwa kama mtu anayetoka kazini.

Sohail alipomaliza picha alikaa ukingoni mwa josho, buti kaziweka chini mbele yake, akitoa zile karatasi za ndani. Akauliza, "Mzee kaenda wapi?"

"Kasema anakuja," akajibu Shaabani.

Walimsubiri mpaka adhuhuri. Mama akatenga chakula, akakifunika. Kesho yake saa nane wanunuzi walifika, na Mjomba hakurudi.